Siku moja ya mlima, miaka 29 ya daftari

MASWALI ya watoto aghalabu humkuta mzazi akiwa hajajiandaa. Jioni moja nilikuwa jikoni nikikatakata sukuma wiki, naye kijana wangu wa gredi ya tano yuko mezani sebuleni na kitabu chake. Nikawa namsaidia kudurusu huku sufuria ikitokota.

"Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro ni nani?"

"Rebmann, mwaka wa 1848," akajibu papo hapo.

"Na Mlima Kenya?"

"Krapf, 1849."

Nikamsifu, nikadhani tumemaliza. Kumbe mwenzangu ndiyo kwanza anaanza. "Mama, na baada ya kuuona mlima, Rebmann alifanya nini?"

Nilibaki nimeshika kisu. Swali hilo hata mimi sikuwahi kuulizwa shuleni. Kwetu sisi jibu lilikuwa jina na mwaka, basi, unapata alama yako na kuendelea. Tulizoea hata kutaniana kwamba Wachaga walikuwa wameuona mlima huo kila asubuhi tangu enzi za mababu, wala hakuna aliyewatungia mtihani. Lakini huyu mgeni aliyeandikwa vitabuni kwa sababu ya siku moja, je, siku zake nyingine alizitumia vipi?

Kazi yangu ya uandishi ilinifikisha Pwani baadaye, nami nikaamua kumtafutia mwanangu jibu. Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu ya kuja Nairobi, ukifika Mazeras unakata kulia, unapanda kuelekea Kaloleni. Hapo katikati, juu ya vilima vyenye minazi, ndipo ilipo Rabai. Kanisa la zamani lipo, makumbusho yapo, na nyumba aliyoishi Rebmann ipo. Yote haya ni mahali padogo tu. Ukisimama hapo ndipo unapoelewa kwamba mtu huyu hakuishi mlimani. Aliishi hapa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza maneno na kuyaandika.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Johannes Rebmann alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846, akaondoka mwaka wa 1875. Hiyo ni miaka 29, zaidi ya siku 10,000, na katika muda wote huo hakurudi kwao Ulaya hata mara moja. Mlima aliuona mara ya kwanza tarehe 11 Mei 1848. Sisi tunamkumbuka kwa siku hiyo moja.

Alizaliwa mwaka wa 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, Ujerumani, katika jamii ya wakulima wa mizabibu. Hakuwa mtoto wa tajiri. Alisomea kazi ya umishenari mjini Basel, Uswisi, kisha akapelekwa London katika chuo cha shirika la Church Missionary Society, na huko akapewa ukasisi mwaka wa 1845. Kwa hiyo, kabla hata hajaiona Afrika, ilimbidi ajifunze kuishi na kusoma katika lugha ambayo si ya mama yake.

Mombasa alimkuta Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, ambaye alikuwa ametangulia mwaka wa 1844. Krapf alikuwa mtu wa ajabu kwa masomo. Tarehe 8 Juni 1844, akiwa bado mgeni kabisa mjini, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohedin. Fikiria jambo hilo, msomaji. Mmishenari wa Kikristo na kadhi wa Kiislamu wako pamoja juu ya neno moja, huyu anauliza na huyu anafafanua. Mwezi uliofuata Krapf alimzika mkewe Rosine, na siku chache tu baadaye akamzika binti yao mchanga. Makaburi yao yako upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Wapo ambao wangefunga mizigo yao siku hiyo. Yeye alirudi kwenye daftari.

Wawili hao walihamia Rabai tarehe 25 Agosti 1846, baada ya wazee wa huko kuwakubali. Usidhani walipanda kilima kile kwa madaha. Wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja, ikawa wanapokezana kumpanda. Ndivyo makao yao ya Rabai yalivyoanza, kwa wagonjwa wawili na punda mmoja.

Maisha yao ya kila siku hayakuwa na ufahari. Walikaa katika nyumba walioijenga kwa msaada wa wenyeji, wakihangaika na chakula, homa, mvua na wageni. Barua kutoka Ulaya ilichukua miezi kufika, na vitabu vilisafiri kwa mwendo huohuo. Mwanafunzi wa leo akikosa neno hufungua simu. Rebmann akikosa neno ilimbidi avae viatu, atoke nje, amtafute mtu wa kumuuliza, kwa sababu kitabu chenyewe kilikuwa hakijaandikwa. Yeye ndiye aliyekuwa akikiandika.

Na kuuliza neno si kazi rahisi kama unavyofikiri. Ukinyoosha kidole kwenye mnazi, utaambiwa mnazi. Lakini utanyooshea wapi kidole ukitaka neno la huruma, au aibu, au tumaini? Tena kuna ugumu mwingine uliowatoa jasho wageni wote wa mwanzo. Kamusi hupangwa kwa herufi ya kwanza, lakini lugha zetu za Kibantu hubadilika hukohuko mwanzoni mwa neno. Mtu akiwa mmoja yuko kwenye M, wakiwa wawili wamehamia kwenye W. Mgeni anayetaka kupanga maneno yake kwa utaratibu wa kwao atajikuta anamtafuta mtu yuleyule katika kurasa mbili.

Lakini hapo palipo na ugumu ndipo walipogundua jambo la kupendeza. Waswahili husema mtu na watu. Warabai waliowazunguka husema mutu na atu. Wakamba husema mundu na andu. Ukienda mbali kusini, hadi Malawi, utasikia munthu na anthu. Hawa ni ndugu waliotengana zamani na bado wanafanana sura! Mwaka wa 1850 Krapf alichapisha orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili, Kikamba na Kipokomo zikiwa miongoni mwake, na msomaji aliweza kuyalinganisha mwenyewe. Lugha ya Warabai na jirani zao waliiita Kinika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda, kwa sababu lilimaanisha watu wa nyikani. Leo tunasema Mijikenda.

Hata ile safari maarufu ya mlima, ukiitazama vizuri, ilikuwa somo la lugha. Rebmann aliondoka na kiongozi wake Bwana Kheri na wapagazi wachache, naye mkononi akiwa na mwavuli badala ya silaha. Walipokaribia nchi ya Wachaga aliona kitu cheupe juu ya mlima. Akamuuliza kiongozi wake kile ni nini. Kiongozi hakuwa na neno la weupe ule, akasema tu: baridi. Rebmann aliyezaliwa katika nchi ya theluji akaelewa mara moja. Neno moja dogo la Kiswahili, ambalo wewe na mimi hulitumia tukitafuta sweta mwezi wa Julai, ndilo lililomthibitishia kile ambacho macho yake yaliona.

Habari hizo zilipofika London hazikupokelewa vizuri. Msomi mmoja, William Desborough Cooley, ambaye alikuwa ameandika mengi juu ya Afrika ya ndani bila kukanyaga huko, alizipinga katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Ubishi huo uliendelea hadi msafara wa Karl Klaus von der Decken na Richard Thornton ulipofika mlimani mwaka wa 1861 na kuthibitisha kwamba kasisi wa Rabai alisema kweli. Kwa zaidi ya miaka kumi Rebmann alikuwa mtu asiyeaminika mbele ya wakubwa wa elimu, lakini daftari lake la maneno hakulifunga.

Sasa nifikie mtu ambaye mwanangu hakuulizwa habari zake katika mtihani wowote. Jina lake lilikuwa Salimini. Alitoka nchi ambayo leo ni Malawi, akakamatwa, akauzwa na kuletwa Pwani kama mtumwa. Rebmann alikutana naye katika miaka ya 1850 na kugundua kwamba mtu huyu amebeba kichwani lugha nzima ambayo hakuna aliyeiandika kwa urefu. Wakaanza kazi. Rebmann anauliza, Salimini anajibu, Rebmann anaandika.

Hebu litafakari tendo hilo, msomaji wangu. Mwanachuo wa Basel na London ndiye mwanafunzi. Mtumwa ndiye mwalimu. Rebmann hakuwahi kuiona Malawi maishani mwake. Kila neno aliloliandika kuhusu nchi ile, majina ya miti yake, wanyama wake, vyakula vyake na desturi zake, lilitoka katika kumbukumbu ya mtu aliyeng'olewa huko kwa nguvu. Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Salimini alifanywa mtumwa, lakini asili hakuiacha. Aliibeba mdomoni hadi Rabai, ikawa kitabu.

Miaka ikapita. Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa sababu ya afya, naye mwenzao wa tatu, Jakob Erhardt, akaondoka mwaka wa 1855. Rebmann akabaki na mkewe Emma, Mwingereza aliyemuoa mwaka wa 1851. Wasafiri Burton na Speke walimtembelea mwezi wa Januari 1857, wakaenda zao kutafuta maziwa na umaarufu. Mwaka huohuo mashambulizi ya wapiganaji wa Kimaasai yalimlazimu kukimbilia Unguja kwa muda. Akarudi Rabai. Emma alifariki mwaka wa 1866. Rebmann akabaki peke yake na madaftari yake, na macho yakaanza kufifia.

Nisikufiche, msomaji. Sikuletei habari za malaika. Watu aliowabatiza walikuwa wachache, na wapo waliosema kwamba vitabu vilikuwa vimemmeza. Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyefika Rabai mwaka wa 1873, alimkuta karibu kipofu na bado amezama katika kamusi zake. Kwa yakini kuna somo chungu hapo. Mtu anaweza kukusanya na kusahihisha, kusahihisha na kukusanya, hadi jioni ikaingia kabla hajakabidhi kazi. Rebmann hakuiona kamusi yake hata moja ikiwa imechapishwa. Wanafunzi wa vyuo mnaosogeza tasnifu mbele kila muhula mkisema bado kidogo, mmesikia?

Mwaka wa 1875 alifunga safari ya kurudi kwao. Hakuweza tena kusafiri bila mtu wa kumshika mkono, na aliyemshika mkono hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa Wagiriama wa kwanza kubatizwa huko. Kijana aliyekuwa mwanafunzi sasa alikuwa macho ya mwalimu wake. Rebmann alipelekwa Korntal, alikokuwa akiishi rafiki yake wa zamani Krapf, akafariki huko tarehe 4 Oktoba 1876.

Hapo ndipo kazi za miaka ile ya upweke zilipoanza kutoka moja baada ya nyingine. Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka huohuo wa 1876. Kamusi ya lugha ya Salimini ilitoka mwaka wa 1877, Krapf akiwa ameihariri. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf, yenye zaidi ya kurasa 400, ilitoka mwaka wa 1882, na ndani yake kuna mavuno ya Rebmann na Erhardt. Krapf naye hakuiona, maana alifariki mwezi wa Novemba 1881. Kamusi ya lugha ya Warabai na jirani zao ikafuata mwaka wa 1887. Na ile ya Salimini ni miongoni mwa maandishi ya mapema zaidi ya lugha ambayo leo huitwa Kichewa, inayozungumzwa na mamilioni ya watu.

Nilipomaliza kumsimulia mwanangu haya yote, aliniuliza swali la pili, na hili ndilo lililonikalia rohoni. "Mama, kwa lugha ya kwetu theluji inaitwaje?"

Sikujua. Hapo nikamkumbuka nyanya yangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha uandishi wa habari, mwalimu wetu alitufundisha kwamba mwandishi hatoki nyumbani bila daftari. Likizo moja nikanunua daftari la kurasa 64, nikaenda nalo mashambani kwa nyanya. Nikakaa naye jikoni mwake, kwenye moshi, nikaanza kumuuliza majina ya vyungu, ya majani ya dawa, ya miezi ya kupanda na kupalilia, ya aina za mvua. Alikuwa na jina la mvua inayonyesha jua likiwaka, na jingine la mvua inayokuja usiku na kuondoka kabla ya mapambazuko. Nikajaza kurasa tatu. Kisha likizo ikaisha, nikarudi mjini, nikapata kazi, nikaolewa, nikashughulika. Kila Krismasi nilisema mwaka huu nitaendelea.

Nyanya alifariki miaka sita iliyopita. Daftari bado ninalo. Lina kurasa tatu zilizoandikwa na kurasa 61 nyeupe. Siku hizi nikilifungua, zile kurasa nyeupe ndizo zinazonisuta.

Ndiyo maana leo sikuandikii juu ya mlima. Sisi wakazi wa mijini tunalea watoto wanaojua majina ya wachezaji wote wa timu za Uingereza lakini hawalijui jina la kifuniko cha chungu kwa lugha ya nyanya yao. Kiswahili chenyewe wanakifanya mchuzi wa kila kiungo. Tunawalaumu watoto, tunailaumu shule, tunailaumu televisheni. Lakini mwalimu wao tunaye nyumbani. Ni yule babu anayekuja mjini kutibiwa na kukalishwa kwenye kochi mbele ya runinga siku nzima. Ni yule nyanya tunayempigia simu kumuuliza kama pesa zimefika, kisha tunakata. Ni yule mama anayeuza mboga kwenye kona ya ploti, anayelitambua kila jani kwa jina na kwa kazi yake. Wote hao ni akina Salimini wetu, na hatuhitaji kwenda Basel wala London kuwapata.

Basi fanya hivi, msomaji. Jumapili hii nunua daftari, la bei ndogo kabisa. Mpe mtoto kalamu. Mwambie ampigie nyanya simu na amuulize maneno matano tu. Wiki ijayo mengine matano. Katika mwaka mmoja mtakuwa na maneno 260, na haba na haba hujaza kibaba. Andikeni pia jina la aliyewapa neno, na mahali alikozaliwa, asije akasahaulika kama walivyosahaulika wengi waliomjibu mgeni wa Rabai na majina yao hayakuandikwa popote. Wala msingoje daftari lijae ndipo mwaonyeshe wengine. Someni kwa sauti mezani, mkosoane, mcheke.

Kijana wangu ameshaanza. Anatumia daftari lilelile la nyanya, kuanzia ukurasa wa nne, na anayemuuliza ni mama yangu mzazi. Juzi alimpigia simu akaniletea jibu la theluji. Nyanya yake alimwambia kwamba kwetu neno hilo halipo, kwa sababu kitu chenyewe hakipo. Wao wakikiona kwenye picha husema tu ni baridi.

Jumapili njema.